Namba za kubandika hazifai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya namba za magari zinazobandikwa kwa gundi.

Mwaka 2023 mwanafunzi wangu wa darasa la tatu aligongwa na Land Rover ya zamani katika barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Dereva hakusimama. Nilikuwa karibu kabisa, lakini nilisoma herufi T na tarakimu 4 tu. Nyingine zilikwisha banduka kwa mvua na tope. Askari aliponiuliza namba, sikuwa na la kumjibu. Mtoto alivunjika mguu, na mwenye gari hajulikani hadi leo.

Wenye magari hayo husema hawataki kutoboa bodi, maana bati lake halipatikani tena. Sawa, lakini kwa nini kibao kisifungwe kwenye bampa kwa bolti zilizopo? Fundi yeyote wa Mbinga ataimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Nawaomba polisi wa usalama barabarani wasiliruhusu gari lisilo na kibao kilichokazwa kuteremka ziwani, hata kama ndilo linalotuletea madaftari.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyasa, Ruvuma.