Mitaro ipangwe na wenye mtaa
MVUA za masika zikianza Dar es Salaam, wa kwanza kuhesabu hasara ni mwenye genge. Unga unalowa, mkaa unalowa, na nyanya za mkulima zinaozea kwenye tenga kwa kuwa mteja hawezi kuvuka maji.

Wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, wanalijua hilo. Katika miaka ya 1990, eneo lao likiwa limejengwa bila kupimwa, walichimba mitaro wenyewe kwa ujira, katika mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Kinamama nao walishika sururu. Mafuriko yakapungua.

Kwingineko mtaro huchorwa ofisini, mkandarasi akaja na kuondoka, na mwaka wa pili umejaa chupa za plastiki na maganda ya ndizi, tena mengi yametoka gengeni.

Halmashauri zisingoje ramani ikamilike ndipo ziitishe mkutano wa mtaa. Mwenye genge anajua maji yanapopita. Aulizwe mapema, na achangie usafi wa mtaro. Lakini fedha hizo zibaki mtaani na hesabu zisomwe hadharani. Zikiyeyuka mara moja tu, mwezi unaofuata hatoi hata senti.