Uyoga wa kwetu, uyoga wa hapa

Kila mwaka Aprili ikifika mnatutumia video zilezile: watu wa Marekani na Ulaya wameinama msituni wanatafuta morel, ule uyoga wenye kofia ya vishimovishimo kama sega la nyuki. Halafu linafuata swali: na sisi hapa Joburg tunaokota wapi? Kwenye kipindi hatukupata muda wa kulijibu vizuri, basi tulijibu hapa.

Tuanze na majira. Aprili huko kaskazini ni majira ya kuchipua. Theluji imeyeyuka, udongo unapata joto, morel zinatoka. Sisi huku ndiyo kwanza tunatafuta masweta. Mvua ya Gauteng hunyesha wakati wa joto, kuanzia kama Oktoba hadi Machi, na uyoga wetu hufuata mvua hiyo. Kwa hiyo video ya morel itazame, uifurahie, lakini usiifanye ramani. Na ukinunua morel zilizokaushwa dukani, zipike mpaka ziive kabisa. Zikiliwa mbichi ni sumu.

Uyoga ambao wazazi wetu wanausimulia ni mwingine: uyoga wa kichuguu. Mchwa hukusanya majani na vijiti vikavu, hupeleka chini, na humo ndani hulima ukungu ambao ndio chakula chao. Mvua ikinyesha, ukungu ule hutoa uyoga juu ya ardhi, na binadamu hula jasho la mchwa. Zambia kuna aina ambayo kofia yake inaweza kufika mita moja upana. Waganda wana obutiko. Namibia wanauita omajowa, na KwaZulu-Natal ni ikhowe, ambao msimu wa mvua huuzwa kando ya barabara. Ukimsikia mama anasema uyoga wa kwao ulikuwa na ladha ya nyama, huenda ni huo anaoukumbuka.

Sasa hapa ndipo penye hatari. Shangazi wa mmoja wetu alikuja kutembea mwaka jana, mvua za Januari. Akaona uyoga mweupe, mkubwa, umejaa kwenye nyasi za jirani. Akasema, "Mwanangu, hii kwetu tunakula, lete kisu." Yule shangazi anajua uyoga kuliko sisi sote tukijumlishwa. Ila anajua uyoga wa kwao.

Kwenye nyasi za nyumba za Gauteng huota uyoga mmoja unaoitwa kitaalamu Chlorophyllum molybdites. Ni mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia, na kwa macho ya haraka unafanana na ule wa kichuguu. Ukiula, ndani ya saa chache utatapika na kuharisha vibaya sana. Na huo ndio wenye huruma. Mwingine ni Amanita phalloides, tuuite uyoga wa kifo. Asili yake Ulaya. Ulikuja Afrika Kusini kwenye mizizi ya miti iliyoletwa na walowezi, na hupenda sana kukaa chini ya mialoni. Miji yetu imejaa mialoni.

Uyoga wa kifo una ujanja mbaya. Wanaobaki hai husema ulikuwa mtamu. Saa 6 hadi 24 zinapita bila kitu. Kisha tumbo linavurugika kwelikweli. Siku ya pili mtu anapata nafuu, familia inashukuru Mungu, kumbe muda huo ini linaharibika. Kuchemsha hakuondoi sumu. Kukausha hakuondoi. Na zile mbinu za kutia kijiko cha fedha au kitunguu kwenye sufuria ni hadithi tu.

Angalia pia ni nani anayekufa. Mara nyingi si mjinga wa uyoga, ni mjuzi aliyehama. Mwaka 2015 hospitali za Ujerumani zilipokea wakimbizi, wengi wao kutoka Syria, waliookota uyoga wa kifo wakidhani ni ule wanaoujua nyumbani. Huko Canberra, Australia, watu wawili walikufa baada ya chakula cha mkesha wa mwaka 2012. Uyoga wa kifo, ukiwa bado mchanga, unafanana sana na uyoga unaopendwa katika mapishi ya Asia. Macho yaliyofunzwa sehemu moja yaliamini kilichofanana sehemu nyingine.

Tunaandika haya kutoka Newtown. Jengo la Museum Africa lilijengwa kama soko la matunda na mboga, likafunguliwa 1913, na Market Theatre ilifunguliwa 1976 ndani ya eneo hilohilo la soko la zamani. Jina limebaki, soko kuu lenyewe limehamia City Deep. Sokoni, kabla uyoga haujafika kwako, umeshapita kwa mkulima na muuzaji wanaojua wanauza nini. Ukiokota mwenyewe, hayo yote umeyabeba wewe peke yako.

Hatusemi usiende kabisa. Nenda na mtu aliyeokota hapahapa kwa miaka, kwenye ardhi hiihii. Usikate uyoga kwa juu. Uchimbue wote, kwa sababu uyoga wa kifo huwa na mfuko mweupe chini ya shina, uliojificha udongoni, na wa kichuguu huwa na mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwa mchwa. Ukifika nyumbani weka kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Ule wa kwenye nyasi utaacha vumbi la kijani kibichi. Wa kichuguu utaacha la rangi ya waridi hafifu. Dalili moja haitoshi kukupa ruhusa ya kula. Mashaka yakibaki, tupa. Na mtu akishakula akaanza kuumwa, hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga mkononi. Hata kama kesho yake anasema amepona.

Vipi kuhusu shangazi? Jirani alimwambia mpwa wake asiuguse, shangazi akanuna kidogo, tukala ugali na mchicha. Lakini baadaye alikaa akatutajia aina saba za uyoga wa kwao kwa lugha ya kwao: upi unatoka mwezi gani, chini ya mti gani, upi unapikwa na karanga, upi unaachiwa ng'ombe. Saba! Sisi tuna neno moja tu, uyoga, na picha ya kile kipakiti cha supamaketi.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni hii. Mpigie bibi, mjomba, yeyote aliyewahi kuokota. Muulize majina, mwezi, mti, na mapishi. Muulize na ule usioliwa unaitwaje, na alimjuaje aliyemfundisha. Rekodi sauti, ututumie, tutazisikiliza pamoja kwenye kipindi. Ila usipike kitu kwa kufuata rekodi hizo ukiwa Joburg. Zina anwani yake, na si hapa.