Picha za ziwa ni habari za shamba

MKULIMA wa alizeti na mfanyabiashara wa dagaa wakisikia habari za picha za setilaiti, hudhani ni mambo ya wataalamu. Sisi tunasema ni mambo yao pia.

Picha za rangi halisi huonyesha ziwa kama jicho lingeliona kutoka juu. Maji yakiwa kahawia, mara nyingi ni tope. Yakiwa kijani, ni mwani au magugu maji.

Mfano upo Ziwa Victoria. Picha ya Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ya Desemba 2005 na ile ya Desemba 2006 zinatofautiana sana. Katikati ilinyesha mvua kubwa, mito ikashusha tope lenye rutuba, na magugu maji yakatanda. Magugu yakitanda, mtumbwi haupiti na mvuvi hapati kitu.

Hapa Singida Mjini tuna maziwa ya Singidani na Kindai. Hayana mto unaotoka. Maji hukaushwa na jua, lakini chumvi na tope hubaki. Tope hilo si kitu kigeni, ni udongo wa juu wa mashamba yetu. Mkulima anayelima kufuata mteremko anaipeleka rutuba ziwani, kisha anaingia mfukoni kununua mbolea.

Picha hizi hazina bei. Zile za Landsat zimekuwa za bure tangu 2008, na za Sentinel-2, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 2015, zinaonyesha hata kitu cha ukubwa wa mita 10. Gharama ni intaneti na karatasi.

Ndiyo maana tunatoa rai kwa Manispaa na maofisa ugani: kila msimu zichapishwe picha mbili, moja kabla ya mvua na nyingine mara mawingu yanapofunguka, zibandikwe ofisi za kata na sokoni. Mkulima akiona tope limeingilia upande gani, atajua makinga maji yaanzie wapi.

Tukubali kwamba picha haihesabu samaki wala haipenyi mawingu, hivyo ofisa bado atalazimika kwenda shambani. Lakini aende akijua pa kuanzia, kwa sababu udongo ukishafika ziwani haurudi.