Betri ya miaka 50: Kwa nini bado utahitaji chaja

Januari 2024 kampuni ya Betavolt ya Beijing, China, ilitangaza betri ndogo iitwayo BV100 na kusema inaweza kutoa umeme kwa miaka 50 bila kuchajiwa. Mitandaoni habari ikageuka: simu isiyochajiwa imefika!

Haijafika. Jibu liko kwenye namba moja ambayo wengi waliosambaza habari hiyo waliiruka: maikrowati 100. Wati 1 ni maikrowati milioni 1.

Inafanyaje kazi?

Ndani ya BV100 kuna nikeli-63, madini ya mionzi yanayopungua nguvu polepole mno: baada ya miaka 100 hivi hubaki nusu. Tabaka za almasi iliyotengenezwa maabara hunasa mionzi hiyo na kuigeuza umeme. Ndiyo maana inadumu. Ila inatoa umeme kidogo kidogo, kama bomba linalodondosha matone.

Sasa piga hesabu. Simu ya 5,000mAh hubeba takriban wati-saa 19. BV100 moja ingehitaji karibu miaka 22 kuijaza mara moja tu. Ukitaka wati 1, kiwango ambacho simu inayocheza video hukipita kirahisi, unahitaji betri 10,000 za aina hiyo. Ujazo wake ni kama lita 11, zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20.

Wanaonufaika ni wadogo

Teknolojia ya vifaa vinavyojichaji ni ya kweli, na ipo sokoni kitambo. Saa za Seiko Kinetic zimekuwa zikijichaji kwa mtikisiko wa mkono tangu miaka ya 1980. Mwaka 2021 Samsung ilileta rimoti ya TV yenye kipaneli cha sola, na 2022 ikaongeza uwezo wa kuvuna mawimbi ya Wi-Fi ya nyumbani.

Vyote hivyo vinakula umeme kidogo sana. Hapo ndipo penye siri: ushindi mkubwa unatokana na kupunguza matumizi kuliko kuongeza uzalishaji.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha simu isiyo na betri kabisa, iliyotumia maikrowati 3.5 tu. Iliweza kupiga simu kupitia Skype. Lakini haikuwa na skrini, ilihitaji kituo chake maalumu karibu, na mtumiaji alibonyeza kitufe kubadilisha kati ya kuongea na kusikiliza. Hakuna TikTok hapo.

Na sola je?

Jua ndilo lenye nguvu zaidi. Mwaka 2009 Safaricom ya Kenya iliuza simu yenye paneli mgongoni, lakini ilikuwa simu ya batani, isiyo na njaa ya umeme kama simu janja.

Leo mtego uko kwenye pawabenki za "sola". Chukua ya 20,000mAh yenye kipaneli cha wati 1.5: hata jua likiwa kali muda wote, itahitaji takriban saa 50 kujaa. Hizo ni siku nyingi za kuianika.

Kwa hiyo ukikutana na tangazo la kifaa "kinachojichaji chenyewe", usianze na miaka kitakayodumu. Uliza kinatoa wati ngapi. Muuzaji akikosa jibu, tunza hela yako.