Kutegemeana Si Udugu

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini somo moja la uchumi sijalisahau: lile la David Ricardo wa 1817. Mwingereza afume nguo, Mreno atengeneze divai, wabadilishane, wote wafaidike. Sawa. Ila hatukuulizwa swali la pili: siku wakikosana, nani ataumia kwanza?

Jibu lilikuja Aprili 2025. Donald Trump alipandisha ushuru wa bidhaa za China. Beijing ikajibu kwa kudai vibali vya kuuza nje aina saba za madini adimu na sumaku zinazotokana nayo. Hakuna risasi iliyolia. Mwezi uliofuata Ford ilisimamisha kiwanda chake cha Chicago wiki nzima kwa kukosa sumaku. Ilipofika Oktoba 30, Trump na Xi Jinping walikutana Busan, Korea Kusini, wakalegezeana kamba.

Na msidanganyike, eti Marekani haina madini hayo. Inayo, kule Mountain Pass, California. Lakini kwa miaka kadhaa iliyachimba na kuyapeleka China kusafishwa! Kusafisha ni kazi chafu, ya asidi na taka za sumu, na matajiri waliona afadhali ifanyiwe mbali na kwao. China ikaubeba uchafu, ikajifunza ufundi, leo imeshika mpini. Mwenzake kashika makali.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaoshangilia kila wakisikia Mlima Mrima, kule Kwale, una madini adimu. Tumetajirika, wanasema. Tumetajirika na nini, jameni? Tazameni Kongo. Inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, na sehemu kubwa husafishwa China. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha mauzo ya nje, bei ikapanda. Hongera kwao, walionyesha kwamba mlango ni wao. Lakini kuufunga mlango hakukuigeuza kobalti kuwa betri pale Kolwezi.

Wakubwa hawaheshimiani kwa urafiki. Kila mmoja anacho kitu ambacho mwenzake hawezi kukipata kwingine kesho asubuhi. Shimo pekee si kitu hicho.

Kwa hivyo siku mkataba wa Mrima utakapoletwa, msituonyeshe picha za watu wakisalimiana. Tuambieni kiwanda cha kusafishia kitajengwa wapi, vijana gani wa Kwale watafundishwa kazi, na taka zitapelekwa wapi. Tukijibiwa “hayo baadaye,” tujue tumeshikishwa makali.