Betri ni Ghala, Tujifunze Kuihesabu

Juma hili tunaanza na swali la mama mmoja wa pembezoni mwa mji wa Katesh, ambaye nyumba yake haijafikiwa na nguzo za umeme. Asubuhi ya Idi, kanzu za watoto zilipigwa pasi ya umeme kwa inveta na betri ya sola. Kanzu zilinyooka, lakini usiku wake nyumba ililala gizani. Betri ile, iliyonunuliwa kwa akiba ya muda mrefu, ilikuwa imedhoofika tangu mvua zilipoanza, na baada ya siku hiyo haikusimama tena. Mama akatuuliza: kosa lilikuwa la nani?

Nyumba iliyo mbali na gridi ni kama chombo kilichomo safarini baharini: hakitumii ila kile kilichopakia, na nahodha asiyejua kiasi cha maji ya kunywa aliyonayo huwaponza abiria wake. Paneli iliyo juu ya paa ni shamba, na betri ni ghala. Wengi wetu hulitazama shamba na kulisahau ghala.

Tuchukue betri ya kawaida ya risasi na tindikali, ya volti 12 na ampea-saa 100. Zidisha, utapata wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2 tu kwa kipimo cha LUKU. Tena si halali ya matumizi yote, kwani betri ya aina hii ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa kabla ya wakati wake. Ikiachwa tupu kwa siku kadhaa, chumvi ya risasi huganda katika sahani zake na kuziba nguvu yake. Hivyo tulizonazo mkononi ni wati-saa 600.

Sasa tuhesabu matumizi ya siku moja. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Simu tatu ni kama 45. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Jumla ni 335. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri huweza kuleta kama 400, hivyo nyumba hii inajitosheleza. Lakini zikija siku za wingu zito, mavuno yanaweza kushuka hadi 100 au pungufu, na kila siku ghala linapunguka kwa 235. Siku ya pili zimekwenda 470. Siku ya tatu tumekwisha vuka nusu. Bandu bandu huisha gogo.

Na pasi je? Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu hula wati-saa 500, zaidi ya matumizi ya siku nzima ya taa, simu, redio na televisheni. Birika la umeme la wati 2,000 ni mlaji mkubwa zaidi. Kazi ya kutia joto tuiachie pasi ya mkaa, jiko la kuni au gesi.

Baadhi yetu hukimbilia jenereta. Ni msaada mzuri siku za wingu, lakini lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba, barazani wala karibu na dirisha. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Qur'ani inatusimulia jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyowaongoza watu wa Misri kuweka akiba katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Mafunzo hayo yanaingia hata katika betri. Ramadhani za miaka hii zimeangukia msimu wa mvua huku kwetu, na taa ya daku inataka akiba ya jana. Watu wa Hanang wanajua pia kwamba msiba haupigi hodi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifikia Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Allah awarehemu. Siku kama hiyo, simu yenye chaji ndiyo inayouliza nani yu hai na nani anahitaji kuokolewa.

Basi tumjibu mama yetu. Kosa halikuwa la aliyeshika pasi. Aliyefunga mitambo alimwonesha baba swichi, baba akasafiri, na hakuna mwingine nyumbani aliyefundishwa hesabu. Tunashauri kila nyumba iandike hesabu yake kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Awepo pia mtu wa kupima betri kila alfajiri kabla jua halijapanda na taa zikiwa zimezimwa: volti 12.7 ni ghala lililojaa, na 12.2 ni nusu. Ikifika hapo, televisheni ipumzike. Kazi hiyo hata binti wa miaka kumi anaiweza, na atakuwa amejifunza mapema kuiepuka israfu.

Wabillahi tawfiq.