Mawe Yaliyosimama Mtoni



Juma hili tulikusudia kuandika juu ya ujenzi wa nyumba ya katekista, lakini jambo lililotokea katika kigango chetu kimojawapo limetulazimu kuahirisha. Wengi wenu mmekwisha kulisikia, na kila aliyelisimulia ametia chumvi kidogo. Ni vema tulieleze jinsi tulivyoliona kwa macho yetu.

Jumapili ya juma lililotangulia, tukirudi kutoka Misa ya pili, tulivuka kwa miguu kijito kimojawapo kati ya vile vinavyopeleka maji yake katika Mto Simiyu. Kwa kuwa ni kiangazi, juu hapakuwa na maji. Palikuwa na mchanga, visima vifupi ambavyo kina mama huchimba ili kupata maji ya nyumbani, na mawe ambayo mafuriko huyaacha pale mto unapopinda. Katika pindo hilo zilisimama nguzo saba za mawe. Hayakuwa yamelundikwa kama mawe ya kujengea. Kila nguzo ilikuwa na jiwe kubwa chini, dogo juu yake, na juu ya hilo dogo kubwa tena, limesimama kwa ncha kama yai lililowekwa wima. Hapakuwa na udongo, wala saruji, wala kijiti kilichoyashikilia. Tunakiri kwamba tulisimama kimya kwa muda.

Waliozisimamisha walikuwa vijana wanne wachunga ng'ombe, ambao waliona picha za namna hiyo katika simu ya kaka wa mmoja wao, wakaanza kujaribu mchana mifugo ikipumzika. Hayo tuliyajua baadaye. Habari iliyotangulia kutufikia ilikuwa nyingine: kwamba usiku mtu amekuja kutega mtoni; kwamba ng'ombe aliyepita karibu na nguzo hizo amekufa; na kwamba ng'ambo ya mto anaishi bibi mmoja, mjane, peke yake. Jina lake likatajwa. Mnajua, wapendwa, maneno yakianza hivyo katika Usukuma wetu huishia wapi.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini hofu hii ni ya zamani kuliko mipaka ya mkoa. Wazee wanakumbuka jinsi sungusungu walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukomesha wizi wa ng'ombe, na jinsi katika sehemu fulani mikono ile ile ilivyogeukia kuwatafuta wachawi. Wanakumbuka pia vikongwe waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yalitoka wapi? Yalitokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, kwa mama aliyeinama juu ya mafiga tangu usichana wake hadi uzee, akiwapikia hao hao ambao baadaye walimwogopa. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, lakini tangazo peke yake halimwondoi mpiga ramli ndani ya kichwa cha mtu. Naye mpiga ramli, akiisha kulipwa, hana budi kutoa jina, ndilo alilolipiwa.

Sasa tunafika mahali ambapo hatuwezi kujisifu. Tulipoelezwa habari za jina lile, tuliwatafuta vijana na kuwaambia wazibomoe nguzo zao upesi ili amani irudi. Wakazibomoa. Siku ya tatu yake tuliambiwa kwamba pale kisimani watu wanasema: hata Padri ameogopa, basi lilikuwepo jambo. Tulidhani tunazima moto, kumbe tunauchochea. Kuangusha mawe kwa sababu ya hofu ni kukubali kwamba yalikuwa na kitu cha kuogopwa, na jina la bibi yule lilibaki pale pale lilipokuwa, tena limepata shahidi mwenye kanzu.

Kwa hiyo tulirudi mtoni tukiwa na wale vijana, katekista na wazee wawili, tukaomba tufundishwe. Somo lenyewe tunaliandika hapa kwa kirefu, kwa maana tunataka lisomwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo zote.

Jiwe la mtoni huonekana laini, lakini ukilipitishia kidole utaona lina vijishimo na vijinundu. Anayelisimamisha hutafuta vinundu vitatu vilivyo karibu, vyenye nafasi ndogo katikati yake, hata kama nafasi hiyo ni ya ukubwa wa punje ya mahindi. Jiwe la juu hukaa juu ya vinundu hivyo vitatu. Kisha mikono miwili huliinamisha polepole, huku na huku, mpaka uzito wake wote ushuke wima katikati ya vile vitatu. Linapoinama kidogo upande mmoja, vidole huhisi linavuta; linapofika mahali pake, mvuto huo hutoweka, na jiwe huwa kana kwamba limekuwa jepesi. Hapo ndipo mtu huachia. Jiwe zito juu ya jembamba nalo si ajabu, kwa sababu uzito wa lile la juu hulikandamiza la chini na kulizuia lisiteleze. Mawe makavu na yenye kukwaruza hushikana vizuri. Yenye utelezi humtesa mtu. (Sisi tulitumia robo tatu ya saa kusimamisha moja, nalo lilianguka katekista alipopiga chafya.)

Tukiwa katika kazi hiyo bibi mwenyewe alifika na ndoo yake. Alitutazama kwa muda, akauliza kwa nini watu wazima wanacheza. Kijana mmoja akamwonyesha vile vinundu vitatu. Bibi akacheka, akasema: "Baba, haya si mafiga tu? Chungu nacho husimama hivyo hivyo." Mzee mmoja, aliyekuwa wa kwanza kuzungumza habari za kutegwa, aliinama akatazama chini ya jiwe, kisha akatazama upande mwingine.

Sisi tulisoma vitabu vingi seminarini, lakini hatukupata kufikiri hilo. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili hayatoshi, ni matatu. Kila nyumba ya mkoa huu inayopikia mawe imekuwa ikisimamisha vitu vizito kwa namna hiyo tangu mababu, na hakuna aliyepelekwa kwa mganga kwa sababu hiyo.

Nendeni Mwanza mkatazame ufukoni mwa ziwa. Jiwe la Bismarck, ambalo Wajerumani waliliita kwa jina la Chansela wao, limesimama juu ya mengine majini, na watu husafiri kutoka mbali ili kupiga picha wakiwa mbele yake. Hakuna aliyelipanga. Mwamba ulipasuka ukiwa ungali chini ya ardhi. Maji yakaingia katika nyufa na kuulainisha pembeni, mpaka kila kipande kikawa cha mviringo. Kisha udongo ukasombwa kwa miaka mingi isiyohesabika, mawe yakabaki yamekaliana. Ndivyo ilivyo hata kwa miamba mingi iliyopangana njiani kutoka Mwanza kwenda Magu. Mbona yale makubwa kama nyumba hatuyatafutii mchawi, tukamtafutia haya yanayobebwa na mtoto?

Duniani kwingine kazi hii ni sanaa inayojulikana. Huko Colorado, Marekani, Michael Grab amepata sifa kwa kusimamisha mawe ndani ya vijito, na mji wa Dunbar huko Uskoti umekuwa ukiandaa mashindano ya Ulaya ya kupanga mawe. Hata hivyo wako wenye kuilalamikia, na malalamiko yao yana haki. Katika milima ya Great Smoky, Marekani, walinzi wa hifadhi huwaomba wageni wasihamishe mawe ya mtoni, kwa sababu chini yake huishi na kutaga salamanda mkubwa ambaye amekuwa adimu. Nao walinzi wa hifadhi ya Yosemite, mwaka 2023, waliwaomba wageni wayaangushe mawe waliyoyakuta yamepangwa. Kwetu hakuna salamanda huyo, lakini wako vyura na kaa, na yako mawe ambayo kina mama wameyazungushia visima ili mchanga usiporomoke. Tulikuta mawili ya namna hiyo ndani ya nguzo, na kisima kimoja kimeanza kujifukia. Hilo ndilo kosa pekee ambalo vijana wetu walikuwa wamelitenda, wala hakuna aliyewalaumu kwalo; wote walikuwa wanashughulika na uchawi.

Maoni yetu basi ni haya. Nguzo zisimamishwe mchana, mbele ya watu, kwa mawe makavu yaliyolala juu ya mchanga, mbali na visima na mapito ya mifugo, kwa maana jiwe likiangukia mguu wa mtoto halitauliza nia. Jioni waliozisimamisha wazibomoe wenyewe na kuyarudisha mawe yalikotoka, kwa kuwa mto si mali yao. Kubomoa huko si kule tulikoagiza sisi. Mtu anayebomoa alichokijenga, huku wenzake wakitazama, hamwachii mtu yeyote kitendawili cha usiku.

Mnakumbuka jinsi Yoshua alivyoagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya Yordani na kusimamishwa Gilgali, ili siku moja watoto waulize maana yake na wazazi wawajibu. Kwetu mambo yamegeuka: wazazi hawakuuliza, na watoto, ambao jibu walikuwa nalo, hawakuulizwa.

Ng'ombe aliyekufa, kwa maelezo ya mwenyewe, alikuwa ameacha kula siku nne kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa. Hilo nalo tunaomba lisomwe katika Jumuiya.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakutana pale pale mtoni. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya, WAWATA na VIWAWA wafike, na hasa wale waliolitaja jina lile. Kila mmoja atasimamisha jiwe lake kwa mikono yake. Bibi ameahidi kuja kwa sharti moja, nalo tumelikubali kwa niaba ya vijana: wambebee ndoo ya maji hadi nyumbani kwake, wakipita katikati ya kijiji.